Panga za Ulaya ya zamani: majibu ya maswali yenu

Wadau maswali yamekuwa mengi, leo nachukua manne.

"Ni kweli upanga mmoja ulikuwa na kilo 10?"
Hapana kaka, hata nusu yake haufiki. Ule wa mkono mmoja ni kilo 1 mpaka 1.5 hivi. Hii kitu inaniuma kwa kweli, watu wanadhani wale wahunzi walikuwa wanachonga nondo tu, kumbe bapa karibu na mpini lina unene wa kama milimita 5 halafu linapungua taratibu mpaka kule mbele linabaki kama milimita 2, na mwisho wa mpini wanaweka donge la chuma la kurudisha uzito mkononi, ndo maana mtu aliweza kuugeuza hewani chap.

"Ule mfereji katikati ya bapa ni wa damu?"
Hapana, unapunguza uzito bila bapa kuwa legelege. Basi.

"Hawakuwa na kitu kama panga letu la shamba?"
Walikuwa nacho dada, na ndo ninaoupenda kuliko zote! Unaitwa falchion, makali upande mmoja, mgongo butu, bapa linapanuka kuelekea mbele. Upo mmoja wa karne ya 13 pale kanisa kuu la Durham Uingereza, wanauita Conyers, una sentimita 89 na uzito wa kama kilo 1.3, kwenye lile donge la mpini wamechora simba watatu upande mmoja na tai upande wa pili. Hadithi ya kule inasema uliua joka, na askofu mpya akiingia jimboni anakabidhiwa upanga huo. Ila usikatie kuni na kitu kama hicho, mbele ni chembamba sana, kimetengenezwa kwa nguo na nyama.

"Mbona baadaye zikawa na ncha kama sindano?"
Sababu ni deraya, yaani vazi la chuma la vita. Karne ya 14 wapiganaji walianza kujifunika mabamba ya chuma, makali hayapiti, so ikabidi upanga uwe mgumu na mwembamba mbele uchome kwenye upenyo, kwapani kwa mfano. Lakini za kukata hazikufa, maana wengi hawakuwa na pesa ya deraya kamili. Mji wa Visby kule Gotland, kisiwa ambacho leo ni cha Sweden, mwaka 1361 wakulima walipigana na jeshi la mfalme Valdemar wa Denmark, na makaburi yao yalipofukuliwa mifupa mingi ya miguu ilikutwa na alama za kukatwa, kwenye miundi kabisa, chini ya pale ngao inapoishia.