Pikipiki mpya inavuta kushoto: anza na tairi la nyuma

Pole mkuu, umesema pikipiki yako mpya ina km 300 tu na ukiilegezea hendeli inakwenda kushoto, inakera. Ila usiogope sana, hizi pikipiki zinakuja kwenye maboksi zinaungwa hukuhuku, fundi akiwa na haraka tairi la nyuma linakaa upande. Yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Kwanza pima upepo, tairi zote mbili. Halafu angalia alama za kukazia cheni, zile zilizochorwa karibu na ekseli (chuma kinachopita katikati ya tairi la nyuma) kushoto na kulia, zinatakiwa zilingane, lakini usiziamini asilimia mia. Mimi natumia uzi: ufunge nyuma ya tairi la nyuma, uvute mbele pande zote mbili uguse tairi hilo mbele na nyuma yake, hendeli iwe imenyooka, kisha pima nafasi kati ya uzi na tairi la mbele. Kushoto na kulia zikiwa sawa umepona.

Zikitofautiana legeza nati kubwa ya ekseli, zungusha nati ya kukazia cheni upande mmoja robo robo, pima tena. Ukimaliza kaza tena nati ya ekseli, cheki cheni isibane, kitabu chake kinasema ilegee kiasi gani, na breki ya nyuma uijaribu kabla hujaingia barabarani, wengi wanaisahau hii.

Sasa kama bado ina warranti usifungue kitu, irudishe ulikonunua. Na tairi la nyuma likiwa limenyooka ila bado inavuta, hapo huenda ni shokapu za mbele zimejipinda au fremu, mwachie fundi mwenye vipimo, sio wa kupiga nyundo.