Maswali ya Wasomaji: Mradi wa Sera ya Afya Chuoni

SWALI: Nafundisha uuguzi wa afya ya jamii, mwaka wa tatu. Kila muhula makundi yangu hufanya mradi wa kupinga uvutaji sigara chuoni. Mabango hubandikwa, hotuba hutolewa, na watu huendelea kuvuta palepale mlangoni pa maktaba. Tunakosea wapi?

JIBU: Wanafunzi wako wametoa elimu ya afya. Ni kazi njema, ila sera hawajaigusa. Sera ina mtu wa kuitia saini, tarehe ya kuanza na mtu wa kuisimamia.

Wiki ya kwanza kila kundi lilete majibu matatu: kanuni iliyopo inasemaje, nani ana mamlaka ya kuibadilisha, na kikao chake kijacho ni lini. Kanuni mara nyingi ipo, imelala kwenye kitabu cha kanuni za wanafunzi, wala haiwahusu wafanyakazi na wageni. Tarehe ya kikao ndiyo ipange ratiba yenu yote, kwa sababu ajenda hufungwa siku kadhaa kabla. Kundi linalokamilisha kazi wiki ya mwisho ya muhula limeshachelewa.

Kwa ushahidi, hesabuni vipisi vya sigara. Chagueni milango mitatu, zoeni vipisi vyote jioni kwa glavu na koleo, kisha hesabuni kesho yake saa ileile, siku tano mfululizo. Msipozoa kwanza, mtahesabu vya wiki nzima. Na msipozungumza na wafanya usafi, wao watafagia alfajiri, nanyi mtaandika sifuri kwa furaha. Msipige picha za nyuso wala kuandika majina. Kabla ya kuanza, ulizeni kamati ya maadili ya chuo kama kazi hii inahitaji kibali.

Dodoso nalo lina mitego yake. Likigawiwa darasani kwenu, mtapata maoni ya wauguzi watarajiwa tu. Na swali kama "Je, unakubali moshi hatari uzuiwe?" limeshamjibia mtu. Afadhali mweke machaguo: sigara ivutwe popote nje, ivutwe mbali na milango, au isivutwe kabisa chuoni.

Kisha waandike pendekezo la ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza iwe ombi lenyewe, kwa mfano: "Kuanzia siku ya kwanza ya muhula ujao, mtu yeyote, awe mwanafunzi, mfanyakazi au mgeni, asivute sigara ndani ya mita 10 kutoka mlango au dirisha la jengo lolote la chuo." Ilinganishe na "Chuo kihamasishe mazingira safi", sentensi ambayo kila mjumbe ataiunga mkono na hakuna atakayeitekeleza. Chini yake zifuate takwimu zenu, gharama za vibao na msaada kwa wanaotaka kuacha sigara.

Wakinukuu Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, waisome ibara ya 8 yenyewe. Inataja sehemu za kazi za ndani, vyombo vya usafiri wa umma na maeneo ya umma ya ndani. Maeneo mengine ya umma ni pale inapofaa. Mwanafunzi anayedai mkataba umekataza kuvuta uwanjani atasahihishwa mbele ya kikao, na hoja zake nyingine zitadhoofika naye.

Walinzi waulizwe mapema. Hao ndio watakaoambiwa wamzuie mhadhiri mwenye sigara mkononi, na wasiposhirikishwa, kanuni itakufia getini.

SWALI: Menejimenti ikikataa pendekezo, wanafunzi wapate alama gani?

JIBU: Alama zisifungwe kwenye uamuzi wa kikao, maana hauko mikononi mwao. Kati ya 100, tungetoa 30 kwa ushahidi, 20 kwa uchambuzi wa wahusika (nani anaunga mkono, nani anapinga na kwa nini), 30 kwa pendekezo na 20 kwa uwasilishaji. Kundi lililokataliwa liombe sababu kwa maandishi, lizihifadhi kwenye jalada pamoja na dodoso na hesabu zake, likabidhi kwa darasa linalofuata. Mabadiliko ya kanuni huvuka muhula mmoja mara nyingi, na bila jalada kila mwaka mnaanza upya.

SWALI: Mwanafunzi mmoja huandika kila kitu, wenzake watano wanasaini tu. Tufanyeje?

JIBU: Punguza kundi liwe la watu wanne. Siku ya uwasilishaji, mwalimu ndiye achague papo hapo nani aeleze sehemu ipi.