Mkataba wa chombo umeisha, sasa? Maswali yenu na majibu

Haya wakuu, maswali ya vyombo vya mkataba yamenijaa mpaka nimeona niyajibu kwa pamoja, boda, bajaji, Land Cruiser ya mradi na hadi gari ya Marekani imo humu. Majina nimetoa, maneno nimefupisha. Kitu kimoja tuelewane kabla: kuna mkataba ule wetu wa kupeleka hesabu, yani ile hela ya kila siku unayompa mwenye chombo, mpaka siku ya mwisho chombo kinakua chako, na kuna kukodi, yani unatumia, muda ukiisha unarudisha. Watu wanachanganya hivi viwili na ugomvi mwingi ndo unaanzia hapo.

Mi ni boda, nipo kijiwe cha Gungu hapa Kigoma. Tulikubaliana na bosi elfu kumi kwa siku, jumapili yangu, miezi 15 pikipiki inakua yangu. Miezi imeisha lakini bosi anasema kuna siku sijalipa. Ni kweli niliumwa, na kuna siku pikipiki ilikua gereji. Hatukuandikishana, kuna daftari lake tu. Nifanyeje?

Mdogo wangu, kwanza piga hesabu ya hela sio ya miezi. Miezi 15 ni kama wiki 65, kila wiki siku 6, hizo ni siku 390, kwa elfu kumi ni milioni 3 na laki 9. Hiyo ndo namba ya kwenda nayo kwa bosi. Fungua simu yako, vuta miamala yote uliyomtumia, ile ya mkononi itafute kwenye daftari lake, jumlisha. Ukikuta umefika 3,900,000 au umezidi, umemaliza, awe anapenda au hapendi. Ukikuta umefika milioni 3 na laki 6 basi zimebaki siku 30, zipeleke. Mikataba mingi ya huku matengenezo ni juu ya dereva, kwaiyo siku za gereji zinasogea mbele, hazifutiki, na za kuumwa hivohivo, labda kama mlisemezana tofauti.

Ila usikubali zile za "nikukate laki mbili ya usumbufu" ambazo hazikusemwa mwanzo. Hiyo haipo.

Na usifanye lile kosa la kuacha kupeleka hela afu unaficha pikipiki kwa shemeji kule Mwandiga, hapo utageuzwa mwizi wakati ulikua mdai. Mfuate bosi ukiwa na mtu mzima mnayemheshimu wote, ikishindikana nendeni kwa mtendaji wa mtaa, ikishindikana kabisa kuna Mahakama ya Mwanzo, madai ya kiasi hicho wanapokea na huhitaji wakili. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba kisheria, shida yake ni kuuthibitisha tu, ndo maana nakwambia hizo meseji za miamala usizifute hata simu ikijaa, bora ufute picha.

Nimemaliza mkataba wa pikipiki na bosi kanipa kadi ya usajili bila shida, tatizo jina lililo kwenye kadi sio la bosi, ni la mtu aliyemuuzia yeye, na huyo mtu alihamia Dar. Naweza kuendelea kuitumia hivihivi?

Kuendelea kuitumia utaendelea, nusu ya mji inaendesha hivyo. Lakini kaka, hiyo pikipiki bado sio yako. Siku ikiibiwa ukaenda polisi, siku imegonga mtu, siku unataka kuiuza au kuiweka dhamana, wote watauliza jina la kwenye kadi, na jina sio lako.

TRA, yani Mamlaka ya Mapato, wanahamisha umiliki kutoka kwa yule anayeonekana kwenye mfumo wao, hawamjui bosi wako. Kwaiyo kuna njia mbili. Ya kwanza mumpate yule wa Dar, aandike mkataba wa mauziano na wewe, au na bosi afu bosi na wewe, ila hii ya pili mtalipia uhamisho mara mbili. Vinavyotakiwa ni kadi yenyewe original, mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, TIN (namba ya mlipakodi) yake na yako, vitambulisho. Unalipa kwa kontroo namba: kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, ada ya kuhamisha na ya kadi mpya. Sio hela ya kukimbia. Asikudanganye kishoka, yule dalali asie rasmi, kwamba anaweza kuhamisha bila muuzaji kujua, ukiona hivyo ujue kuna saini imeghushiwa na wewe ndo utakaeulizwa.

Njia ya pili ni kama huyo mtu hapatikani kabisa, hapo ni wakili na mahakama, ni ndefu na ina gharama, ndo maana nawaambia wote mnaoanza mkataba leo: kabla hujapeleka hesabu ya siku ya kwanza omba kuiona kadi, jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekukabidhi. Kama halifanani mwambie akahamishe kwanza. Akikasirika kuna mabosi wengine.

Kingine, kabla ya kupokea ingiza namba ya chombo kwenye mfumo wa faini wa polisi, unaangalia mwenyewe kwa simu, maana faini zinafuata namba ya chombo na zikiwepo utazilipa wewe wakati alizipata mtu mwingine.

Naendesha bajaji ya kampuni. Mkataba unaisha mwezi ujao, wamenipa machaguo: nilipe milioni moja na nusu ya kumalizia iwe yangu, au niirudishe wanipe mpya kwa mkataba mwingine wa 25,000 kwa siku. Za umri huu hapa mjini zinauzwa kama milioni 4. Fundi kasema injini inataka kazi ya laki 9. Roho inataka mpya.

Roho ya kila mtu inataka mpya kaka, harufu ya siti mpya ile. Ila tuangalie. 1,500,000 ya kumalizia na 900,000 ya fundi ni milioni 2 na laki 4, unapata kitu cha milioni 4. Ukirudisha unapata nini? Unaanza upya kupeleka 25,000, kwa siku 26 za mwezi ni laki 6 na 50. Sasa hiyo laki 6 na 50 ukiwa na yako inabaki mfukoni, chini ya miezi minne umerudisha gharama zote. Mi naona chukua.

Lakini naona chukua KAMA bodi ni nzima, na hapa ndo watu wanapigwa. Injini inatengenezeka, bodi ikioza imeoza. Usiangalie mchana ikiwa imetoka kijiweni, nenda nayo kwa fundi ambae sio wa kampuni asubuhi injini ikiwa ya baridi. Mwambie awashe we simama nyuma kwenye ekzosi: moshi wa bluu usiokata ujue inakula oili, na hiyo laki 9 inaweza isitoshe. Afu inua kapeti la dereva, piga bati la chini kwa bisibisi, hasa kama bajaji imewahi kubeba samaki kutoka Kibirizi, yale maji ya barafu na migebuka yanashuka kwenye viungo vya chesisi na yanakula taratibu chini ya rangi, juu unaona inang'aa, chini bisibisi inapita kama kwenye mkate. Angalia pia kama kuna sehemu imechomelewa pale shingo ya usukani inapoingia kwenye bodi. Imechomelewa hapo? Rudisha, usihurumie.

Na bajaji za kampuni nyingi zina kile kidude cha kufuatilia, kingine kinaweza hadi kuzima injini kwa mbali. Siku ya kulipa ile ya mwisho iandikwe kwenye karatasi kwamba wanakitoa, na kadi inahamishwa jina lini. Mnaofanya na kampuni za kukodisha kwa mtindo wa kukopesha mjue kuna sheria yake tangu 2008 na zinasimamiwa na Benki Kuu, kwaiyo una haki ya kudai hesabu yako iliyoandikwa, sio mtu wa ofisini anakutajia deni kichwani.

Kama milioni na nusu huna usikope kwa wale wa riba ya wiki. Omba kampuni wakugawie hata miezi mitatu, wakati mwingine wanakubali maana wao kuuza bajaji iliyotumika ni kazi pia.

Nina Land Cruiser hadtopu, niliikodisha kwa mradi huko Kasulu mwaka mzima. Mkataba unaisha, wanataka kuongeza miezi sita lakini kwa bei ya chini, au wanirudishie. Nashindwa kuamua.

Mzee wangu, kabla ya kuongea bei safiri ukaione gari yako. Usiamue ukiwa Kigoma mjini kwa simu. Gari za miradi ya kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu huko, zinakula barabara za vumbi kutwa, zinarudi na springi zimelala na bushi zimekwisha wakati rangi inapendeza tu. Chukua fundi wako, chukua na ile fomu ya makabidhiano ya mwaka jana, kama una picha ndo vizuri zaidi. Angalia kilomita zilizokua na zilizopo. Angalia spea tairi ni ile ile au wameweka kipara, jeki, spana za magurudumu. Panda juu ya paa: wakifunga antena ya redio wanatoboa, wakiondoka wanatoa antena wanakuachia tundu, mvua ya masika inashukia kwenye siti. Na zile nembo za mlangoni zikibanduliwa vibaya zinatoka na rangi.

Ukishajua uharibifu ni shingapi ndo unaongea bei. Mi ningekubali kushuka kidogo kwa sharti la matengenezo makubwa yawe juu yao na kilomita ziwekewe kikomo kwa mwezi, zikizidi walipie. Maana gari kukaa nyumbani ikisubiri mteja nayo ni hasara, bima inatembea, betri inakufa. Ila wakisema bei ya chini na masharti yale yale ya zamani, chukua gari yako. Na ile fomu ya kurudisha usisaini "imepokelewa ikiwa nzuri" kwa sababu dereva wao ana haraka ya kurudi. Andika kila kasoro hata kama ni taa ya ndani.

Kaka yangu yuko Marekani, anasema gari yake ya mkataba wa miezi 36 inaisha na wanamwambia atalipia maili alizozidisha. Alipewa maili 36,000 katembea 44,000. Bei ya kuinunua ni dola 17,000. Ananiuliza mimi wakati mimi nauza dagaa. Na je akiinunua aniletee?

Hahaha, dagaa na magari ni biashara zote. Kule mkataba wa aina hiyo ni kukodi na una haki ya kununua mwishoni kwa bei iliyoandikwa tangu siku ya kwanza, haibadiliki. Kuzidisha maili kwa kawaida wanatoza senti 15 mpaka 25 kwa maili moja, yeye kazidi 8,000, akitozwa senti 25 ni dola 2,000, juu yake kuna ada ya kurudisha ambayo mara nyingi inafika mamia ya dola. Lakini akiinunua, ile faini ya maili haipo, maana gari hairudi kwao. Kwaiyo aangalie mtaani kwake gari kama hiyo inauzwa shingapi. Ikiwa 19,000, ainunue, hata kama haitaki, anaweza kuiuza. Ikiwa 14,000, bora arudishe alipe hiyo faini aondoke. Aombe pia wamkague mapema kabla ya siku ya mwisho, kioo na tairi akitengeneza mwenyewe inakua nafuu.

Kukuletea, hapana. Usukani uko kushoto, huku tunaendesha kushoto, kila ukitaka kuovateki lori unatanguliza abiria akachungulie. Na ushuru hujauona bado.

Bosi wangu amefariki mkataba ukiwa umebaki miezi miwili. Ndugu zake kila mmoja anataka nimpe hesabu yeye.

Pole sana. Usimpe yeyote mpaka familia ionyeshe barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Hela weka pembeni kila siku, andika. Msimamizi akiteuliwa unampa zote kwa pamoja, anasaini, na yeye ndo atakaehamisha kadi. Mkataba wako haukufa na bosi.

Bima ikiwa bado ina miezi mitano, ninapohamisha pikipiki jina langu inaendelea?

Usiendeshe kwa kudhani hivyo. Nenda kwa wakala wa bima siku ileile wabadilishe jina, ukipata ajali na bima ina jina la mtu mwingine utazungushwa.

Mimi ni mama wa Ujiji, kijana wangu wa mkataba kamaliza vizuri bila kunisumbua, kanipa mpaka ya mwisho. Sasa anaomba nimnunulie bajaji kwa mkataba mwingine. Wenzangu wananiambia akishakua na pikipiki yake hatanijali.

Mama yangu, mtu aliyekupelekea hesabu mpaka shilingi ya mwisho ndo wa kumpa, utampata wapi mwingine? Hao wenzako waulize wangapi wao wamemaliziwa. Ila mwambie ile pikipiki aliyoipata ampe dereva wake au aiuze iwe malipo ya awali ya bajaji, maana hawezi kuendesha viwili, na akiwa ameweka hela yake ndani hatakuachia njiani. Andikeni kwa wakili safari hii, jumla ya hela iwe kwenye namba sio miezi peke yake, nani anabeba gereji, siku ya kumaliza kadi inahamishwa ndani ya siku ngapi. Na ile kadi ya pikipiki, mama, umeshamhamishia? Maana hujasema.