Klachi ya Willys MB: usikimbilie nati, anza na pini

Msomaji ameandika mistari miwili. Gari lake la vita, jeep ya Willys MB, limefungwa pleti mpya na beringi mpya ya klachi, na bado gia ya kwanza inakwaruza. Anauliza aikaze nati ya kebo raundi ngapi zaidi. Asiikaze hata moja. Nati ile ni ya kurekebisha, si ya kufichia vyuma vilivyolika, na klachi huunguzwa pia na spana ya mwenye gari.

Kwanza hakikisha ugonjwa wenyewe. Kwenye giaboksi ya T-84 gia ya kwanza na ya rivasi hazina sinkronaiza, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo ukiharakisha zitalia hata kama klachi ni nzima. Injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, kanyaga pedeli mpaka chini, hesabu hadi tano, ndipo uingize rivasi. Ikikwaruza baada ya kusubiri hivyo, klachi haikati, yaani haiitengi kabisa injini na giaboksi.

Sasa zuia magurudumu kwa vigingi, ulale chini ya gari, mwenzako akanyage pedeli taratibu. Tazama kila kiungo: pedeli na shafti yake, fimbo, bomba linalolala kati ya fremu na upande wa giaboksi, kebo, kisha uma unaosukuma beringi. Kila panapoungana kitu na kitu pana tundu na pini, na pini iliyolika utaijua mara moja: pedeli inashuka, fimbo bado imetulia, halafu inaruka ghafla. Ulegevu mdogo karibu na uma unakuwa mkubwa sana ukifika kwenye pedeli, kwa sababu ya urefu wa mikono ya wenzo. Ndiyo maana mguu unafika sakafuni kabla beringi haijafanya kazi yake yote.

Usigonge tundu kwa nyundo ili libane. Litabana kwa siku chache tu. Lijaze kwa kulehemu, litoboe upya kwa kipimo cha pini mpya. Pini iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, isicheze. Vile vichwa vya duara vinavyobeba bomba, kama vimepata ubapa, badilisha, kisha tia grisi. Bolti zote ni za inchi, na spana ya milimita itazivua pembe.

Kuna kitu ambacho hata mafundi wazuri hukisahau. Bomba limeshikwa na fremu upande mmoja na injini na giaboksi upande wa pili. Mipira inayobeba injini ikichoka, ukikanyaga klachi injini yote inasogea mbele, na mwendo uliokusudiwa kufika kwenye uma unapotelea hapo. Waliounda gari hili walilijua hilo, wakaweka kebo fupi ya kuizuia injini isisogee. Mara nyingi utakuta imekatika au haipo kabisa. Irudishe, ikaze mpaka iondoe ulegevu tu. Ukiivuta kupita hapo itaupeleka mtikisiko wa injini kwenye fremu.

Wengine huitoa kebo ya uma na kuweka fimbo ngumu. Sikubaliani nao. Kebo inapinda injini inapotikisika. Fimbo haipindi, na mtikisiko wote unaishia kwenye uma, gari likaondoka likitetemeka. Kebo yenye nyuzi zilizokatika itupwe, iwekwe kebo mpya.

Hapo ndipo zamu ya nati inapofika. Legeza loki nati, ile nati ya pili inayoizuia ya kwanza isilegee, shika ncha ya kebo isizunguke, rekebisha, kisha pima kwa rula na mkono, si kwa mguu: pedeli icheze bure 3/4 ya inchi, yaani milimita 19 hivi, kabla hujahisi uzito. Ikipungua, beringi itakaa inasuguana na vidole vya presha pleti, bamba linaloikandamiza pleti ya klachi, muda wote na klachi itateleza mlimani. Ikizidi, utarudi kwenye kukwaruza kule kule. Springi ya kurudisha pedeli iwe na nguvu, la sivyo kipimo hicho ni cha uongo.

Kaza loki nati, piga klachi mara 20, upime tena. Pini mpya hukaa sawasawa baada ya kuanza kazi, na kipimo cha kwanza hubadilika kidogo.