"Isiyokunjwa" si "iliyokunjuka"

Msomaji wetu, mwanafunzi wa biokemia, anauliza: "Naandika muhtasari kuhusu matumizi ya rezonansi ya sumaku, yaani mbinu ya kusoma atomi zikiwa ndani ya sumaku kali, katika kuchunguza umbo la protini. Je, niseme protini iliyokunjwa na isiyokunjwa?"

Usiseme hivyo, tafadhali. Hili "isiyo-" limenichosha. Kila mtu akitaka kinyume cha kitenzi analibandika, ilhali Kiswahili kimejaa vinyume vyake: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua. Chukua kanga. Iliyotolewa sandukuni ikatandazwa imekunjuliwa. Iliyoanuliwa kambani ikatupwa kitandani haijakunjwa bado. Ukizitazama ni sawa, zote zimetanda, lakini moja ilikuwa na mikunjo na nyingine inaisubiri. Mwambie mtoto "niletee ile isiyokunjwa" uone kama atakuletea ile ya sandukuni.

Protini ni mnyororo wa asidi amino unaojikunja kupata umbo lake, na hapo tofauti hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Mwaka 1992 mwanakemia Kurt Wüthrich na wenzake mjini Zürich waliichunguza sehemu ya protini iitwayo ripresa 434 ndani ya kemikali ya urea. Ilikuwa na umbo, urea ikaiachisha. Hiyo imekunjuka, na haikukunjuka yote: rezonansi ilionyesha kikundi kidogo cha asidi amino zisizopatana na maji bado kimeshikamana. Sasa itazame alfa-sinukleini, inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson. Ikiwa peke yake majini haina umbo moja thabiti, wala hakuna aliyeikunjua. Utaziitaje zote mbili "isiyokunjwa"?

Kwenye mchoro wa rezonansi karibu kila asidi amino, ukiitoa prolini, huweka nukta yake. Protini ikiwa na umbo lake nukta hutawanyika, kwa sababu kila haidrojeni imezungukwa na majirani tofauti. Ikikunjuka, nukta hubanana karibu na alama ya 8 kwenye mhimili wa haidrojeni. Mtafiti huliona jambo hilo kwa jicho tu, na lugha yake iliseme vilevile.

"Iliyokunjwa" nayo ina kasoro, kwani yataka mkunjaji. Christian Anfinsen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1972, alionyesha kuwa protini ya ribonukleasi iliyokunjuliwa hurudia umbo lake yenyewe urea ikiondolewa. Ndani ya seli wapo wasaidizi, lakini kazi ya kujikunja ni ya protini. Hata hivyo "iliyokunjwa" imeshaenea na haimpotoshi msomaji, basi naivumilia. "Isiyokunjwa" siivumilii.

"Protini" lenyewe, lenye asili ya Kigiriki, limekaa vizuri, liache.

Andika basi: "Rezonansi ya sumaku katika uchunguzi wa protini zilizojikunja na zilizokunjuka." Ukigusia alfa-sinukleini, ongeza "na zisizojikunja".