Si kila "just" ni "tu"

Nilipoanza kazi ya kutafsiri nilipewa taarifa fupi yenye sentensi hii: "The workers are demanding a just wage." Nikaandika bila kusita: "Wafanyakazi wanadai mshahara tu." Mhariri akanirudishia karatasi ikiwa na mstari mwekundu na swali moja pembeni: kwani walikuwa wadai nini kingine? Kumbe wenzetu walikuwa wanadai mshahara wa haki. Tangu siku hiyo, kila anayeanza kujifunza Kiingereza akiniuliza aanze kuogopa maneno gani, simtajii yale marefu. Namtajia hili.

Shida huanzia kwenye daftari la msamiati. Tunaandika "just", alama ya sawasawa, "tu", tunakariri, tunafunga daftari. Lakini maana ya haki ndiyo kongwe zaidi. Neno lilitoka kwenye Kilatini, "justus", yaani mwenye haki, kutokana na "jus", haki au sheria, likapitia Kifaransa cha kale hadi Kiingereza. Ndugu zake hawakuhama nyumbani: "justice", "justify", "unjust". Lenyewe ndilo lililotangatanga. Kilicho cha haki ni kilicho sawasawa. Kilicho sawasawa hakizidi wala hakipungui. Na kisichozidi, basi ni hicho tu. Ukiishika njia hiyo, maana zake hazitakushangaza tena.

Utajuaje uko kwenye maana ipi? Tazama limekaa wapi. "A just war" ni vita vya haki. "Just a war" ni vita tu. Herufi moja, "a", imehama kutoka mbele kwenda nyuma, na habari yote imegeuka. Likitanguliwa na "a" au "the" na kufuatwa na nomino, fikiria haki kwanza. Vivyo hivyo likiachwa peke yake mwishoni: "The punishment was just."

Kwenye wakati, Kiswahili kina namna nzuri kuliko "tu", nasi tunaisahau. "She has just arrived" ni "ndiyo kwanza amefika", au "amefika sasa hivi". Ukiandika "amefika tu", msomaji atabaki anasubiri umalizie: amefika tu, halafu? Waingereza hupenda "I have just eaten". Wamarekani wengi husema "I just ate", na hakuna aliyekosea. Ila ukiambiwa "just now" na mtu wa Afrika Kusini, usisimame mlangoni kumngoja. Kwao mara nyingi maana yake ni baadaye kidogo.

Kuna ile ya kufanana kabisa: "He is just like his father." Hapa usitafsiri maneno, sema tunavyosema: ni baba yake mtupu. Na "just right" ni barabara. Halafu kuna "only just", ambayo humtesa anayetafsiri neno kwa neno, maana anapata "tu tu". "We only just caught the train" ni kwamba treni tuliipata kwa taabu, nusura ituache.

Sasa visawe. Kamusi itakupangia foleni: "fair" (ya haki), "exactly" (hasa), "recently" (hivi karibuni), "barely" (kwa taabu), kisha "only", "merely" na "simply" (tu). Mgeni huona foleni hiyo akadhani anaweza kuchomoa lolote. La hasha. Hayo ni visawe vya maana mojamoja za "just", na yenyewe kwa yenyewe hata hayajuani; "recently" na "fair" hawana undugu wowote. "I'm just tired" inakubali "simply", lakini ukiweka "exactly" umeharibu. "Merely" ina harufu ya maandishi rasmi na mara nyingi ya dharau kidogo. Hata "fair", anayekaribia sana, ana mipaka yake: mchezo na mgawanyo huwa "fair", ila mtu akipigania jambo la haki, Kiingereza kinasema "a just cause". "A fair cause" haisemwi.

Kwenye barua za kazi utakutana na "I just wanted to ask". Hilo halina maana ya kutafsiriwa. Kazi yake ni kulainisha ombi, kama sisi tunavyoanza na "samahani" au "naomba kuuliza". Siku hizi naona watu wakiandika "nilitaka tu kuuliza". Simlaumu mtu, ila mimi sauti ya Kiingereza naisikia humo ndani. Na ukiwa unaandika kwa Kiingereza, liweke mara moja kwa barua. Likirudi kila sentensi, unaonekana mtu anayeomba radhi kwa kuwepo.

Zoezi ninalowapa wanaoanza ni la jozi moja: "It's not just cold" na "It's just not cold." Ya kwanza: si baridi tu, kuna na jingine, labda mvua au upepo. Ya pili: hakuna baridi, basi, tusibishane. Wazisome kwa sauti hadi sikio lizitofautishe. Wasishangae pia wasipoisikia "t" ya mwisho, kwani kwenye mazungumzo ya haraka humezwa, hasa inapofuatwa na konsonanti. Mimi mwenyewe niliwahi kuitafuta "jas" kwenye kamusi jioni nzima.