Re: Kwenda Sardinia kwa gari na feri

Mkuu, umeuliza njia ya gari kutoka Stuttgart, Ujerumani, hadi Sardinia, kile kisiwa cha Italia, mkiwa na watoto. Mimi ningepita Uswisi: kibandiko cha kulipia barabara kuu ni faranga 40 kwa mwaka, na handaki la Gotthard linalopita chini ya milima ya Alps, karibu kilomita 17, halina malipo ya ziada. Ila Jumamosi za Julai usithubutu, foleni yake si ya kitoto. Italia utalipia barabara kwenye vizuizi.

Livorno, bandari ya Italia bara, pandeni feri ya usiku hadi Olbia, bandari ya Sardinia. Mkishaegesha, sitaha ya magari hufungwa safari nzima, kwa hiyo shukeni kabisa na dawa, maziwa ya mtoto na masweta. Kiyoyozi cha meli zile, jamani! Kibali cha ukaazi beba kadi yenyewe, si picha ya simu.